Tupeane uzoefu: mtaa wako umebadilika vipi?

Wa_Riat (mwanzilishi)
Habari zenu. Nimelelewa Migosi, hapa Kisumu. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na bomba moja uani. Karibu wote tulikuwa Waluo, ukitoa nyumba mbili za Waluhya. Lakini kwenye foleni ya maji ungemkuta mwalimu mkuu, fundi viatu na mama wa omena, kila mtungi umepakwa rangi ya mwenyewe usije ukapotea. Wetu ulikuwa na msalaba mwekundu, na ukiuona mbele unajua zamu imekaribia.

Sasa naishi Riat, ndani ya geti. Tuko nyumba kumi na nne: Waluo, Wakisii, Waluhya, Mkikuyu mmoja, familia ya Kihindi na Mholanzi aliyeoa huku. Watoto wote wanagombania mpira kwa Kiswahili. Nikikumbuka mji huu ulivyokuwa 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, hilo kwangu ni jambo kubwa mno. Ila hakuna nyumba hata moja isiyo na gari. Mkoloni alitutenga kwa rangi: Mzungu Milimani, Mhindi karibu na maduka, Mwafrika pembeni. Siku hizi anayetenga ni bei ya nyumba, na ninaumia kuona wanangu hawamjui mtoto wa fundi viatu. Semeni ya kwenu.

MtotoWaKibos
Asante kwa kuanzisha. Sisi ni Wahindi wa hapa hapa. Wazee wetu walifuata reli iliyofika ziwani 1901, wakalima Kibos. Babu akafungua duka mjini, familia ikalala ghorofani. Milimani alifika tu kupeleka bidhaa. Leo nakaa Milimani, na tangu 2017 serikali inatutambua kuwa kabila la 44 la Kenya.

Baba alipofariki, mwili ulichomwa siku hiyohiyo, ndiyo desturi yetu. Jioni jirani yangu Mluo akaja na vijana wanne, hema begani, na viti vya kukodi. Alijua kuna matanga ya wiki nzima. Kusikia kwamba mambo yamekwisha, alisimama getini kimya. Kisha akasema, "Basi tutakaa tu." Wakasimamisha hema, wakakaa nasi hadi saa tano usiku, mama akipika chai sufuria baada ya sufuria. Kule dukani wateja tuliwajua kwa majina miaka yote, na hatukuwahi kumwambia hata mmoja apande ghorofani. Hilo linaniuma hadi leo.

Mama_Kiamunyi
Nakuru pia. 2008 tulitoka Kaptembwo usiku na blanketi mbili, tukapanga kwenye mtaa wa kabila letu tu kwa miaka saba. Kiamunyi tulikuja kwa sababu ya bei ya ploti, si kwa kupenda. Kushoto Mkalenjin, kulia Mkisii. Mwaka wa kwanza nililala meza imeegemezwa mlangoni. Sasa ufunguo wangu wa ziada uko kwa mama wa kushoto, na wake uko kwangu.

Kuhusu kipato, ni kweli. Tangu Nakuru iwe jiji Desemba 2021, kodi imepanda na wapangaji wadogo wanasogea mbali. Mwalimu wa chekechea wa mwanangu amehama.

Nyota_ya_Kakamega
Kwetu bado hatujafika huko. Bado tunachota pamoja.

Wa_Obunga
Mimi nafanya kazi za nyumba huko Riat mnakosema mmechanganyika. Natoka Obunga, mtaa wa mabanda hapa Kisumu, alfajiri, nashukia chini ya mlima, napanda kwa miguu. Getini naandika jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia. Jioni soja anafungua mkoba wangu. Miaka minne sasa, soja yuleyule, daftari lilelile. Mgeni wa tajiri wangu akija na gari, geti linafunguliwa bila hata kuulizwa jina. Sisemi kwa chuki, watoto ninaowalea nawapenda. Mmeuliza, nami nimejibu.

Wa_Riat (mwanzilishi)
Dada wa Obunga, nimesoma mara tatu. Daftari hilo tulilipitisha sisi wenye nyumba, na mimi niliinua mkono. Jumamosi tuna kikao cha wakazi, nitaomba liondolewe, na mambo ya mikoba pia. Nitarudi hapa kusema walivyojibu. Wengine endeleeni, hasa mlioko Bungoma na Busia.