Hivi mtu anaweza kumaliza chuo bila kuposti status WhatsApp, au ndo anaonekana anaringa?

kijana_wa_blok_C (mleta mada)

Wakuu habari za humu ndani. Mimi ni mwanachuo mwaka wa tatu hapa Dar, chuo na kozi sitaji maana watu wa darasani kwetu wamo humu wengi tu na tunajuana kwa mwandiko. Kuna jambo linanizunguka kichwani tangu semista ianze, nimeona nilimwage kabla UE (mitihani ya chuo) hazijafika maana zikifika sitakuwa na akili ya kuandika kitu.

Iko hivi. Nina rafiki yangu wa karibu, tunakaa chumba kimoja, boom (hela ya mkopo) likikata tunakula sahani moja. Juzi kati ilikuwa bethidei yake. Asubuhi nimemwamsha nikampa hongera, jioni tukachangishana watu wanne tukanunua chipsi kuku na soda tukala pale pale kitandani, tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake nasikia kwa mtu mwingine kwamba jamaa kakwazika. Kisa? Sikumposti. Yaani mtu nimekula naye kuku usiku kucha ananihesabia kwamba sikuweka picha yake status.

Nikaanza kuangalia na wengine, kumbe ndo utaratibu. Kuna dada darasani alirudisha picha zote alizopostiwa siku yake, ule mduara wa status ukakatika katika mpaka ukawa kama mshono wa cherehani, na chini huku watu wanakagua nani yumo nani hayumo. Mtu akifiwa hivyo hivyo, usipoweka ile picha nyeusi yenye mshumaa basi hukuguswa, hata kama ulimpigia simu mkaongea. Mtu kapata kazi, kaolewa, kagraduate, kabatizwa, zote zina foleni ya kuposti.

Nikasema basi nifute WhatsApp mpaka UE ziishe nipige msuli, yaani nisome, kwa amani. Haiwezekani!! CR (kiongozi wa darasa) anatuma saa tano usiku "wakuu kesho venue imebadilika", madesa (notisi za kusomea) yanapita humo, kazi za grupu tunagawana vipengele humo, lekcha mwenyewe anasema slaidi nimempa CR. Sasa nikifungua niangalie venue naonekana niko onlaini, nikionekana niko onlaini na sijajibu mtu ndo nimemdharau. Tangu walete zile tiki za bluu mwaka 2014 kunyamaza nako kumekuwa jibu.

Sasa swali langu, na naomba watu wazima mchangie sio wanachuo tu. Je inawezekana kuwepo humo kwa shughuli zako tu bila kuonekana unaringa? Au nakuza jambo dogo? Naomba kuwasilisha.

mpiga_msuli_2.0

Mkuu hilo mbona dogo, setingi zote zipo ila watu hawafungui. Fanya hivi. Magrupu yote tupa kule kwenye akaivu, acha la CR peke yake juu, lipini. Status za watu zima moja moja, ukishikilia jina lake kidogo inakuja sehemu ya kunyamazisha, yeye hajui. Onlaini nayo siku hizi inafichika, walileta 2022. Na mwaka huo huo wakaleta kutoka grupu kimya kimya, zamani ukitoka linaandikwa jina lako watu wote wanaona unaanza kupigiwa simu "vipi tumekukosea nini", sasa hivi taarifa inamfikia admini tu.

Ila kwenye tiki za bluu kuna mtego, ukizizima na wewe huzioni za wenzako, kwenye grupu zinaendelea kuonekana hata uzime vipi, halafu na status zinaguswa, yaani ukiangalia ya mtu jina lako halitokei. Mimi nilipozima, dada mmoja akanifata kantini ananiuliza "siku hizi status zangu huangalii, umeninyamazisha?" na mimi naangalia zote jamani, kila siku, mpaka za mama yake.

Shangazi wa Tandika

Mwanangu kijana nimekusoma mpaka mwisho, na mimi ni mtu mzima ninauza vitenge na mabeseni ya harusi kwa hiyo status kwangu ni duka, nisipoweka siku mbili wateja wanadhani nimekufa.

Nikwambie kitu. Hicho unachokiona kipya sisi tumekulia humo humo. Mtaani kwetu usipokwenda msibani kwa mtu, ukapata wako hawaji. Kwenye kumtunza mwali kulikuwa na daftari, na mpaka leo lipo, anakaa mtu mmoja mwenye hati nzuri anaandika: fulani doti mbili za khanga, fulani elfu kumi, fulani beseni na vyombo. Siku ya mwanao daftari linafunguliwa, kila mtu anarudisha na kidogo juu yake. Aliyeandikwa hajaja anajulikana mtaa mzima, na sababu zake za safari na homa hakuna aliyeziandika. Sasa huyo rafiki yako ana daftari lake, ila badala ya doti za khanga anaandika picha. Sio ushamba wala sio ulimbukeni wa mtandao kama mnavyopenda kusema nyie wasomi, ndivyo tulivyo watu wa huku, kuonekana upo ni sehemu ya kumpenda mtu. Kuku mmekula watu wanne mmefunga mlango, nani kaona?

Weka picha ya mwenzio, dakika moja haifiki, uendelee na kitabu chako. Mambo mengine ukiyapigania unamaliza nguvu bure.

nusu_injinia

Shangazi nakuheshimu sana lakini daftari la mtaani lilikuwa halimwingizii mtu hela. Hili lina mwenyewe.

Watu wengi hawajui, WhatsApp ilivyoanza 2009 ilikuwa ni status tupu. Wazo la Jan Koum ilikuwa pembeni ya jina lako iandikwe uko wapi, niko kwenye simu, betri inaisha, niko jim, ili mtu ajue kama akupigie au asikupigie. Yaani ilikuwa kifaa cha kumwambia mtu USINISUMBUE. Meseji zikafata baadaye. 2014 Facebook wakainunua kwa dola bilioni 19 na kampuni ilikuwa na wafanyakazi 55 tu. Status ya picha na vidio inayofutika baada ya saa 24 imekuja Februari 2017, na wazo sio lao, Snapchat walikuwa nayo tangu 2013, Instagram wakaichukua 2016, sisi ikatufikia ya tatu mkono.

Sasa jiulize kwa nini saa 24. Ingekuwa inakaa wiki ungefungua Jumapili ukaona zote ukafunga. Kwa sababu inakufa kesho inabidi uje leo. Na yule anayeposti anarudi mara kumi kuhesabu nani kaona. Kwa hiyo mleta mada huringi wala nini, wewe unagoma kufanya kazi ambayo hulipwi. Ni hayo tu.

kipande_cha_mtaa

Nimekaa paleee nasoma komenti. Uzi umekaa vizuri, sema hapo kwenye mama yake mpiga msuli ufafanue 😂

mkenya_mpole

Niaje wadau, mimi niko Nairobi, Kiswahili changu mtanisamehe. Nimeona hii mambo ya kunyamaza nikakumbuka Juni 2024 wakati wa Finance Bill, ile mswada ya kodi. Huku kuna wasee walikuwa wanatengeneza pesa na sisi kila siku, mavidio za kuchekesha, matangazo ya unga na za kubeti, halafu wakati watu wako barabarani wamenyamaza kabisa ama wanaposti wakiwa holiday. Watu wakaanza kuwaunfolo na kuwataja kwa majina, orodha zinapita kila mahali. Na ilikuwa sawa! Hiyo bill ilikuwa inataka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate, watu wakaichambua TikTok kwa lugha za kwao, Kikuyu, Dholuo, Kikamba, mpaka shosho yangu akaielewa. 25 Juni watu wakaingia Bunge, wengine wakapigwa risasi wakafa, 26 rais akasema hataitia sahihi. Kwa hivyo mimi siwezi sema kuposti ni upuzi.

Lakini bro bethidei si Finance Bill. Shida ni ile jicho tulitumia kuangalia watu wakubwa, sasa tunaliangalizia rumeti. Celeb akinyamaza amechagua upande. Rumeti wako akinyamaza pengine amelala.

mwanachuo_wa_bara

Mkenya hapo mwisho umeua.

Mimi nichangie upande mwingine, na admini usifunge uzi siingii kwenye siasa. Humu naona watu wanatamani kuishi bila mtandao kana kwamba ni likizo ya ufukweni. Tulishaishi, mmesahau? 29 Oktoba 2025 siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, zikapita siku kadhaa ndo ikarudi. Nani alipiga msuli siku zile? Mimi nilikuwa na madesa yote kwenye simu, soft kopi zimejaa, hakuna wa kunisumbua na status, na sikusoma ukurasa hata mmoja. Siku ya kwanza nilikuwa nashika simu naifungua WhatsApp naona status za tarehe 28 zimeganda pale pale, mtu kaposti keki, mwingine kaposti gari la kukodi, zimekaa tu. Unaangalia keki unawaza huyu mtu yuko wapi saa hizi.

Ilivyorudi ndo nikaelewa kazi ya kile kijiduara. Hatukuwa na haja ya kujua watu wanasema nini. Ukiona fulani ka-weka chochote, hata nukta, unajua yupo. Kuna mwenzetu wa kozi alikaa siku mbili zaidi bila kuonekana, grupu la darasa watu mia na kitu hakuna aliyetuma utani, mpaka aliposema "nipo, simu ilikuwa haina chaji". Kwa hiyo mleta mada mimi kuanzia pale sijisikii vibaya kuangalia status za watu. Kuposti bado mvivu lakini kuangalia naangalia.

kijana_wa_blok_C (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, sikutegemea uzi ungefika huku.

Shangazi, shikamoo kwanza. Hoja ya daftari nimeielewa na imeniingia, ila nina neno. Msiba una siku zake, matanga yanaanuliwa watu wanarudi makwao. Mwali anatunzwa siku moja. Hili daftari la kwetu haliishi, kwenye simu yangu nina namba za watu mia sita na kitu, advansi, olevo, kanisani, field, watu niliopanda nao basi tukabadilishana namba. Bethidei ziko karibu kila siku! Mtaa wako shangazi ulikuwa na nyumba ngapi? Hapo ndo naona tofauti, mila ni ile ile ila mtaa umekuwa mkubwa kuliko miguu ya mtu.

Nusu_injinia mimi hapo kwenye saa 24 ulinifumbua, sikuwahi kuwaza.

Sasa niwape mrejesho. Jana usiku nilimuuliza rumeti uso kwa uso, nikamwambia nimesikia umekwazika, tuongee. Akacheka kwanza. Halafu akasema mama yake yuko Kahama, simu janja alinunuliwa mwaka jana na dada yao, na kitu pekee anachojua kufungua ni status. Kwa hiyo siku ya bethidei jamaa alikuwa anapiga skrinishoti kila aliyemposti anaziweka za kwake, mama azione, na mama akiona anampigia simu anamuuliza huyu ni nani, huyu mnasoma wote, huyu wazazi wake wa wapi. Na mama akauliza "na yule mnayekaa naye, mbona hayupo, mmegombana?" Ndo ikawa hivyo. Wala hakuwa ananihesabia yeye.

Sikuwa na la kusema hapo. Ile hesabu ya nani kaona kumbe mtu mwingine anamhesabia mtu mmoja tu.

Kwa wengine wote mia sita msimamo wangu ni ule ule, siposti.

Shangazi wa Tandika

Marahaba mwanangu. Mtaa wetu nyumba hazikuwa nyingi, umesema kweli hapo sina ubishi. Huyo mama mpigie simu umsalimie, usimtumie picha.

mpiga_msuli_2.0

Kipande cha mtaa ile ya mama yake ni kwamba anaposti mapishi bwana, mwanachuo mwenye njaa unataka nifanyeje.

kipande_cha_mtaa

Sawa mkuu tumekuelewa. Sasa swali la kiufundi, hiyo ya kutoka grupu kimya kimya inafanya kazi na kwenye grupu la harusi ya binamu? Maana wameniweka bila kuniuliza, kila asubuhi wanabandika orodha ya waliotoa na wasiotoa, jina langu lina nafasi wazi mbele yake na kadi singo laki moja na nusu.

mpiga_msuli_2.0

Inafanya kazi vizuri tu, anayepata taarifa ni admini peke yake. Admini nani?

kipande_cha_mtaa

Mama mkubwa.

mpiga_msuli_2.0

Basi kaa humo humo.