Nataka kusomea paralegali (msaidizi wa mambo ya sheria asiye wakili) nikiwa kazini, niende Kenya School of Law kule Karen ama nichukue kozi fupi ya mjini?

Achi_Umoja

Hamjambo wadau, naomba mnisomee hadi mwisho hata kama ni ndefu. Nafanya kazi mapokezi kwa ofisi ya wakili hapa mjini. Niliandikwa kushika simu na kukaribisha wageni lakini polepole nimeingia ndani ya mafaili, naandika dayari ya kesi, nakimbia korti za Milimani, nalipia makaratasi ya korti kwa simu, na wateja wakija wakili akiwa kortini ni mimi wanaongea na mimi. Na hii kazi naipenda kabisa. Juzi alikuja mama mmoja na bahasha ya kaki imechakaa, ndani kuna cheti cha kifo cha bwanake, barua ya chifu na taito ya shamba, hajui aanzie wapi na shemeji zake wameshaanza kupima shamba na kamba. Nikamkalisha nikamwonyesha zile fomu za mirathi moja moja, hii ni ya kuomba usimamizi, hii ni kiapo, hii ni ya wenzako kwa familia kukubali, halafu inatangazwa kwa Gazeti la Serikali watu wapewe siku 30 za kupinga. Akaniambia hakuna mtu amewahi kumwelezea hiyo kitu vile ilivyo. Tangu hiyo siku nataka kuisomea niwe na karatasi yangu.

Sasa shida. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C plain, Kiingereza C+, Kiswahili B-. Kuna chuo hapa mjini wananiambia miezi sita tu napata diploma ya paralegali, na wanataka nitume pesa ya kushika nafasi wiki hii. Halafu kuna Kenya School of Law kule Karen, miaka miwili. Binamu yangu naye anasema niwachane na diploma nitafute digrii ya sheria moja kwa moja. Niko na mtoto gredi ya pili, kodi inaningoja kila tarehe tano na mshahara ni mdogo. Nifuate gani?

KaraniMkongwe

Dadangu hiyo pesa usitume. Hiyo kuharakishwa pekee ingetosha kunipa wasiwasi. Kabla ya kila kitu ingia tovuti ya Council of Legal Education (CLE), hao ndio wanaopea vyuo leseni ya kufundisha sheria hapa Kenya chini ya ile sheria ya 2012, angalia kama jina la hicho chuo liko, na ukiliona angalia tena ni kozi gani wameruhusiwa, maana chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya kozi moja na kinakuuzia ingine. Likikosa, hiyo karatasi haitakusaidia mahali popote panapoulizwa paralegali aliyehitimu.

Na gredi zako Karen unaingia. Wanaangalia C plain halafu lugha, na lugha zako ziko sawa.

Nimekuwa karani wa wakili tangu enzi za kubeba mafaili kwapani na kupanga laini masjala asubuhi. Tangu Julai 2020 Nairobi tunafaili kwa mtandao na watu walidhani makarani tutaisha, wapi. Kazi imegeuka tu. Sasa hivi anayetakikana ni mtu anajua hati gani inaenda na gani, siku zinahesabiwa vipi, na akisoma maagizo ya korti anaelewa bila kumpigia wakili simu. Hiyo ndio diploma itakupa, mambo mengine unayo tayari.

Mwanaharakati_Mathare

Mimi nataka kumuuliza Achi kitu tofauti. Unataka kusaidia watu aina ya huyo mama, ama unataka kupanda hapo ofisini? Kwa sababu hizo ni njia mbili na watu wanazichanganya.

Mimi ni paralegali wa mtaani. Sikwenda Karen, nilifundishwa na shirika, hatukulipishwa kitu. Kuna mashirika yanafanya hii kazi kitambo, Kituo cha Sheria kiko tangu 1973 na wamefundisha watu hadi ndani ya magereza. Wiki hii tu kijana alishikwa usiku, babake akaambiwa kwa kituo atoe pesa ndio kijana apewe bondi ya polisi. Nilienda na huyo mzee, nikasimama kwa kaunta nikauliza kwa heshima kijana ameandikwa OB namba gani, yaani namba ya kile kitabu cha matukio cha polisi, ameshikwa saa ngapi, na kama hapati bondi anapelekwa korti gani kesho, kwa sababu Katiba kifungu cha 49 inasema afikishwe kortini ndani ya masaa 24, na bondi ya polisi hailipiwi. Sikupiga kelele. Kijana alitoka na babake hakutoa hata shilingi.

Lakini nikuambie ukweli kuhusu pesa. Hii ya mtaani mara nyingi ni nauli na chai, mshahara unakuja mradi ukiwa na wafadhili na mradi ukiisha unaisha. Mimi niko na duka, ndio maana naweza. Wewe na mtoto na kodi usiache mshahara kwa sababu ya hii.

kevoh254

Diploma ni kupoteza wakati. Fanya digrii ukuwe wakili, basi.

Wakili_Parklands

@kevoh254 hapana, na tafadhali tusimwambie dada kitu kama hicho bila kuangalia gredi zake. Kuingia digrii ya sheria moja kwa moja kutoka sekondari kunataka C+ ya jumla pamoja na B plain ya Kiingereza au Kiswahili. Yeye ana C plain. Anaweza kupanda kutoka diploma kwenda digrii, vyuo vinachukua watu hao, lakini digrii si mwisho, kuna Karen tena kwa kozi ya mawakili na hapo ndipo watu wamelia. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 ina vigezo vyake vya KCSE, na waliopanda kwa diploma wamekataliwa mlangoni wakiwa na digrii mkononi, wakaenda kortini, kesi zikafika hadi Mahakama ya Rufaa. Nimewaona, watu wazima wamemaliza miaka minne na karo ya wazazi. Kwa hivyo Achi, ukiwa na ndoto ya uwakili andikia shule barua SASA, uwape gredi zako, uulize msimamo wao wa leo, na jibu uwe nalo kwa maandishi kabla hujalipa digrii yoyote.

Kitu kingine nitakisema kwa upole kwa sababu naona una moyo wa kazi. Kumweleza yule mama utaratibu ni sawa kabisa. Lakini siku utamjazia hizo fomu wewe mwenyewe pembeni akulipe, umevunja kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili, na mirathi imetajwa pale waziwazi. Hata ukiwa na diploma bado. Paralegali anafanya kazi chini ya wakili au chini ya shirika lililoidhinishwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inataka yule anayetoa msaada kwa wananchi aidhinishwe na National Legal Aid Service, ile ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria, na wanaoidhinishwa hawatozi wananchi. Watoto wengi wazuri wameharibikiwa hapo, anaanza kwa huruma, mtu anamshukuru na elfu mbili, kesho wako kumi kwa mlango.

Mimi nikiandika mtu ofisini naangalia kama anaweza kusoma faili aniambie kwa sentensi tatu kesi imefika wapi na inayofuata ni nini lini. Aliyesoma vizuri diploma anaweza. Wenye digrii wengine hawawezi.

Achi_Umoja

Asanteni sana, sana. @Wakili_Parklands hiyo ya kifungu cha 34 sikuwa naijua na nimeshukuru umenieleza mapema, yule mama faili yake iko kwa wakili wetu na ameshalipia ofisi. Nimeangalia pia ile orodha ya CLE, hicho chuo cha miezi sita sijakiona.

@Mwanaharakati umeniuliza swali gumu. Nataka zote mbili kusema ukweli, nataka kukaa ofisini nilipwe lakini Jumamosi nikae na watu kama huyo mama. Sasa kilichobaki ni Karen, na kutoka Umoja hadi Karen si mchezo, na kazi je? Kuna mtu amesoma huko akiwa ameajiriwa?

MamaDaudi

Mimi hapa. Nimemaliza hiyo diploma nikiwa kazini na nikiwa na mtoto mdogo, kwa hivyo usiogope, lakini usiingie bila mpango. Kitu cha kwanza ni ratiba. Pigia ofisi ya usajili wakutumie ratiba ya muhula, usitegemee kile rafiki ya rafiki anasema kuhusu masomo ya jioni. Ukiipata ndio unaenda kwa bosi wako, si kuomba ruhusa ya juujuu, unampelekea siku na saa, unamwambia hizi saa nitakuwa darasani na nitazifidia hivi. Mimi makaratasi mengi nilikuwa nafaili usiku mtoto akilala, kwa sababu mtandao haufungwi saa kumi na moja kama masjala. Wangu alikubali kwa sababu alijua akinifukuza ataanza kufundisha mtu mwingine.

Njia ni kuingia mjini kwanza halafu matatu za Karen zinazopitia Lang'ata, toka mapema maana mvua ikinyesha hiyo barabara inasimama. Karo uliza kama wanakubali kwa awamu na uandike tarehe za awamu kwa kalenda kabla hujasaini kitu. Na mafunzo ya kazini yakifika usirudi ofisi yako ile ile, omba mahali kuna kazi tofauti. Mimi nilienda kukaa karibu na Mahakama ya Madai Madogo Milimani, ile ya madai hadi milioni moja ambayo kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60, watu wengi wanakuja bila wakili, fundi hajalipwa, mpangaji anadai dipoziti yake, na hapo nilijifunza kueleza sheria kwa lugha ya mtu wa kawaida kuliko darasa lolote. Kwa vile unataka zote mbili, hapo patakufaa.

Mwanaharakati_Mathare

Na Jumamosi karibu kwetu @Achi. Tuna wakili anakuja kutusimamia, hutakuwa peke yako. Kuja hata kabla ya shule kuanza uone kama unaiweza.

Achi_Umoja

Nitakuja. Kesho asubuhi napigia Karen kuhusu ratiba, na wakili wangu nitaongea naye Ijumaa akitoka kortini, huwa hana haraka hiyo siku. @MamaDaudi nakuandikia inboksi kuhusu karo, na nani wa kumwachia mtoto hizo jioni, hiyo ndio bado sijaipangia.