Lori la 24V, taa za H4: LED gani itamulika bila kuwapofusha wanaokuja?

DerevaSalgaa

Habari wakuu. Naomba ushauri wa taa za mbele za Isuzu FRR, umeme wa 24V. Glopu ni H4 zilizoandikwa 24V 75/70W, na ndani ni riflekta ya kawaida, si lenzi ya duara. Lori linabeba mbolea na viazi usiku kati ya Nakuru na Kisumu, wakati mwingine linapanda Timboroa kwenda Eldoret. Dimu (mwanga wa chini) ni hafifu. Mvua ikinyesha kati ya Mau Summit na Londiani, ukingo wa lami huuoni mpaka uwe juu yake.

Hapa mjini kuna LED za H4 zilizoandikwa 9–32V, 6500K (rangi ya mwanga, nyeupe sana), lumeni 20,000 (wingi wa mwanga). Je, zinaingia bila kukata waya? Zinaweza kuleta shida kwenye ukaguzi? Zinapasua ukungu kweli? Pia kuna za 12V za bei nafuu, na nimeambiwa nizichotee umeme kwenye betri moja. Hilo lina madhara?

UmemeWaLori_Kondele

Karibu, ndugu. Nianze na la mwisho, maana ndilo litakalokutia hasara kwanza. Usichote 12V kwenye betri moja. Betri zako mbili zimefungwa mfululizo na altaneta inazichaji kama kitu kimoja, karibu volti 28 kwa jumla. Ukiinyonya moja usiku kucha, hiyo inabaki na chaji pungufu na mwenzake anapokea volti kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Utazizika zote mbili. Na ukichomeka LED ya 12V tupu kwenye soketi ya 24V, inaungua papo hapo.

Sasa, kabla hujanunua chochote, pima. Washa injini, washa dimu, acha glopu ikiwa imechomekwa. Pima volti kwenye betri zote mbili pamoja, kisha ingiza ncha za maltimita nyuma ya soketi ya glopu upime tena hapo. Tofauti ikizidi volti moja, waya ndio mgonjwa. Watu wengi hawajui kwamba mwanga wa glopu ya halojeni unashuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, umepoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Glopu inakuwa ya manjano, dereva anasema taa zimezeeka, kumbe ni swichi iliyoungua ndani, soketi iliyolegea, au waya wa hasi uliofungwa kwenye chesi yenye kutu.

Angalia pia kioo na riflekta. Kioo cha plastiki kilichopauka kinasuguliwa kwa msasa wa maji namba 800, 1500, 2000, halafu polishi, halafu lazima upake rangi angavu ya kuzuia jua, la sivyo kitapauka tena upesi. Riflekta ikishapoteza ung'avu wa fedha, badilisha taa nzima. Usijaribu kuifuta kwa kitambaa, utaikwangua na kumaliza kilichobaki.

DerevaSalgaa

Asante sana mkuu. Nimepima: kwenye betri 27.8, kwenye soketi 24.6. Kioo ni safi, riflekta inang'aa. Kitu kimoja sikielewi: mguu mmoja wa soketi una umeme wa chanya nikiwasha dimu na pia nikiwasha fulu (mwanga wa mbali). Nilidhani umeme unahama mguu.

UmemeWaLori_Kondele

Hapo umeshapata nusu ya jibu. 24.6 badala ya 27.8 maana yake theluthi moja ya mwanga wako inaishia njiani.

Na huo mguu: lori lako linakatwa upande wa hasi. Chanya inafika kwenye glopu moja kwa moja, swichi ndiyo inayoamua hasi ipite dimu au fulu. Magari mengi ya Kijapani yako hivyo. Glopu ya halojeni haijali, lakini LED nyingi za H4 zimetengenezwa zikitarajia mguu wa pamoja uwe hasi. Ukizichomeka, haziwaki kabisa, au dimu na fulu zinawaka ovyo. Ndiyo maana mtu anarudisha LED dukani akisema ni mbovu.

Dawa ya mambo yote mawili ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Nunua rilei mbili za 24V (isome kwenye mgongo wake, za 12V ni nyingi sokoni), moja ya dimu na moja ya fulu. Toa waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka chanya ya betri, uweke fyuzi karibu na betri yenyewe na si huko mbele kwenye taa. Dimu mbili za wati 70 ni wati 140. Gawa kwa 28, ni ampea 5 tu, kwa hiyo fyuzi ya 10A kwa kila rilei inatosha. Miguu ya rilei ina namba: 30 unapokea kutoka fyuzi, 87 unakwenda kwenye glopu, na mguu wa pamoja wa glopu unafungwa kwenye chesi iliyokwanguliwa rangi. Soketi ya zamani sasa inabaki kazi ya kuamsha rilei: mguu wenye chanya ya kudumu uende 86, mguu wa dimu uende 85 ya rilei ya dimu, wa fulu vivyo hivyo. Kama rilei ina dayodi ndani, fuata mchoro wake wa chanya na hasi, ukigeuza utaiunguza.

Jihadhari na taa ya bluu ya dashibodi, ile inayoonyesha fulu imewaka. Kwenye mfumo huu mara nyingi inapata umeme kupitia glopu ya dimu. Ukiweka rilei inaweza kufifia, au rilei ya dimu ikagoma kuachia ukiwa kwenye fulu. Jaribu kabla hujafunga nyaya kwa tepu. Ikigoma, itenge hiyo taa ya bluu: upande mmoja uende 87 ya rilei ya fulu, upande wa pili kwenye chesi.

Maliza hiyo kazi, rudisha glopu za halojeni za 75/70W, endesha usiku mmoja kisha uamue. Philips MasterDuty na Osram Truckstar Pro ni za malori ya 24V, zimeimarishwa kuvumilia mtikisiko. Usishike kioo cha glopu kwa vidole.

Mwanga_Nakuru

Ukiona bado unataka LED, sikiliza, maana hapa ndipo watu wanaharibu barabara kwa wenzao.

Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili. Ya dimu iko mbele, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya riflekta. Mwanga ukipiga huko chini unarushwa juu, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. LED isiyo na kikombe hicho, au ambayo chipu zake ziko milimita chache mbele au nyuma ya mahali pa uzi, inatawanya mwanga kila upande. Utaona mbele ya bampa pameng'aa sana na utafurahi, lakini mbali huoni kitu. Ulinganishe dukani: weka LED na glopu ya zamani sambamba, masikio matatu yakiwa usawa, uone kama chipu zimekaa mahali pa nyuzi, ubao wake ni mwembamba, na kikombe kipo. Ukishaifunga, chipu zitazame kushoto na kulia, si juu na chini.

Lumeni 20,000 ni uongo. Glopu halali ya H4 ya 24V imekadiriwa lumeni 1,900 kwa fulu na 1,200 kwa dimu. Pima ampea: LED ikivuta ampea 1 kwa volti 27 ni wati 27, na kwa lumeni 100 kila wati ni 2,700 hivi. Hesabu imeisha.

Joto la LED linarudi nyuma, kwa hiyo feni ikibanwa ndani ya raba ya vumbi, chipu zinafifia mapema. Raba ikiachwa wazi, maji na vumbi vinaingia. Tafuta yenye kiungo kinachoziba shimo huku feni ikibaki nje. Na redio ikianza kuchakacha ukiwasha taa, ni saketi ya LED isiyochujwa.

Ukaguzi: kioo kikiwa na herufi HCR, taa hiyo ilipimwa na kuidhinishwa kwa halojeni. Uingereza ukaguzi wao tangu 2021 unakataa taa ya halojeni iliyotiwa LED. Ujerumani inaruhusu tangu 2020, lakini kwa glopu zilizopimwa na aina za magari zilizoorodheshwa tu. Kwa NTSA (mamlaka ya usalama barabarani Kenya), usiende kabla ya kupanga mwelekeo wa taa, kwa glopu yoyote ile.

Kupanga: paki pahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, upepo wa magurudumu ukiwa sawa. Weka alama ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Mstari wa juu wa dimu ukae sentimita 10 hadi 15 chini ya alama hiyo. Kama taa iko juu ya mita moja kutoka ardhini, sentimita 15 hadi 20. Upande wa kushoto mwanga uinuke kidogo, maana sisi tunaendesha kushoto. Fanya hivyo lori likiwa na mzigo wa kawaida, kwa sababu nyuma ikikaa chini, pua inainuka, na dimu iliyopangwa likiwa tupu inageuka fulu.

Ukungu wa Timboroa hakuna rangi inayoupasua. Matone ya ukungu ni makubwa kiasi kwamba yanarudisha rangi zote karibu sawa, ila weupe wa 6500K unachosha macho zaidi ukirudi, kwa hiyo chukua 4300K ukiipata. Kinachosaidia ni taa za ukungu zilizofungwa chini, mwanga mpana uliokatwa juu, zikiwa na rilei yake. Na fulu uizime kabisa.