Mrejesho: yule kinyonga niliyemweka kwenye tangi la kioo

Wakuu nimerudi. Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini kinyonga wangu anashinda mweusi tii na macho yamezama, wakati nimemweka kwenye tangi la kioo zuri tu lenye bakuli la maji. Kumbe tangi ndo lilikuwa tatizo. Mliosema anajiona kwenye kioo anadhani ni mwenzake, na bakuli haligusi maana yeye hunywa matone kwenye majani, mlikuwa sahihi, nikamhamishia kizimba cha wavu cha sentimita 60 kwa 60, urefu 120, nikajaza matawi na mimea, juu nikatundika chupa niliyoitoboa inadondosha maji taratibu. Siku ya pili namkuta analamba matone, nikakaa namwangalia kama tivii aisee. Macho yamejaa, ukijani umerudi.

Kilichofeli ni hayo maji, yalituama chini mpaka ubao ukavimba, sasa nimekinga beseni. Na yule aliyesema dirishani panatosha bila taa ya UVB (inayotoa miale kama ya jua ambayo kinyonga anaihitaji), hapana ndugu, kioo cha dirisha kinazuia hiyo miale, nimeshafunga taa. Kushikwa bado hataki, ananipigia sauti kama nyoka, basi namwacha. Asanteni sana mlionijibu.