Mzee anaacha mazoezi kila wiki ya tatu, familia ifanyeje?

Swali: Mzee wa miaka 70 na ushee huanza mazoezi kwa moyo, wiki ya tatu kimya. Watoto wamhimize vipi bila kumkera?

Jibu 1: "Baba, umefanya mazoezi leo?" ni ukaguzi, na mtu mzima hapendi kukaguliwa. Semeni "Twende, Baba," nanyi viatu viko miguuni tayari. Anzeni na dakika 10 za kutembea baada ya chai, mwongeze 5 kila wiki hadi 30, siku 5 kwa wiki. Ndizo dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Jibu 2: Kutembea pekee hakutoshi, mapaja yanahitaji nguvu. Kiti kigumu kiegemee ukuta; asimame na kukaa mara 8, apumzike dakika moja, arudie. Akishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, kiti ni kifupi: ongezeni mto. Mjukuu ahesabu kwa sauti (babu gani atakubali kuishia sita mbele ya mjukuu?).

Jibu 3: Mara nyingi si uvivu, ni maumivu ya kesho yake. Misuli kuuma siku 2 ni kawaida, mpunguzieni tu. Goti likivimba, asitishe mazoezi kwanza amwone daktari. Kifua kikibana, hospitali papo hapo.