Naomba ushauri: paa la mteremko mdogo kwenye banda la bustani

Wakuu, habari zenu. Najenga banda la kuhifadhia zana bustanini, upana mita 2.4 na urefu mita 3. Kuta za mbao zimeshasimama, limebaki paa. Nataka lilale upande mmoja tu, maji yaishie nyuma.

Mteremko niliopanga ni sentimita 1 kwa kila sentimita 40, yaani mbele pazidi nyuma kwa sentimita 6. Mabati ya migongo nimeyaacha, kwa mteremko huo upepo utarudisha maji kwenye maungio. Nafikiria plaiwudi ya milimita 18 juu ya boriti, kisha shiti moja ya mpira isiyo na kiungo.

Kinachoninyima usingizi ni kingo. Mpira niukunje uteremke ukutani ndipo niubane kwa ubao wa pembeni, au niukatie juu? Na boriti zikipishana sentimita 40, plaiwudi haitabonyea? Maana maji yakituama tu, mbao zimekwisha.

Pia, niache matundu ya hewa chini ya plaiwudi? Banda halina dirisha, nahofia unyevu wa asubuhi udondokee misumeno. Aliyewahi kujenga la hivi anielekeze, hata picha ya kona moja itanisaidia sana.