Mama mwenye nyumba amenialika pweza Jumamosi, na mimi siwezi hata kumtazama

Mgeni wa Jambiani
Hamjambo jamvini. Mimi ni Mkenya, mtu wa Kakamega, naishi Jambiani, Unguja, kwa kazi ya uhasibu hotelini. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, mkarimu ajabu. Hapiki akanisahau. Sahani inakuja imefunikwa kawa, na hapo ndipo moyo unaanza kwenda mbio, maana sijui nikifunua nitakutana na nini.

Wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharagwe, hivyo nakula mpaka nalamba vidole. Urojo nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni mabaki ya sherehe yaliyomwagiwa uji wa manjano. Nilipoonja nikaomba tena, kwa hivyo huo tumemalizana. Bokoboko bado: ngano na nyama vimesongwa mpaka huoni nyama iko wapi. Ngisi aliletwa na wino wake, mchuzi mweusi tititi, hadi wali ukageuka rangi. Lakini mwenyewe hasa ni pweza. Ile mikono na vile vidude vyake vya kunatia, imejikunja juu ya wali... siwezi jamani.

Sasa bamvua limefika, maji yanakupwa sana, dada yake huyu mama anakwenda kuchokoa pweza mashimoni, na Jumamosi nimealikwa rasmi: "nampikia mgeni wangu". Sitaki kumvunjia heshima. Kuna namna ya kumzoea huyu mdudu? Na nikishindwa, huku mnakataaje chakula bila kuonekana una madharau? Tena niambieni kama kuna vya huku ambavyo ni vya kuogopa kweli, si kwa sura tu.

Ngalawa
Mtu wa Kakamega! Si nyinyi mnaokaa na beseni chini ya taa kungojea kumbikumbi, wengine wanaingia mdomoni kabla hata sufuria haijapata moto? Na omena mnamla mzima na macho yake. Leo pweza ndiye anayekutisha?

Mgeni wa Jambiani
Kumbikumbi ni watamu, usiwaingize hapa. Na omena ni mdogo, hana nafasi ya kukutazama.

Binti Mkunazini
Ngalawa mwache dada wa watu.

Dada, karibu Unguja. Pweza unamuogopa kwa sababu unaletewa minyiri, hiyo mikono yake, mizima. Mwambie mama kwa adabu tu, "Bi mkubwa, mie bado sijamzoea, naomba nikatie vidogo vidogo." Hatochukia, atacheka. Pweza akishakatwa vidogo akaingia kwenye tui zito, wala humjui ni nani. Hana mwiba hata mmoja, na shombo lake ni dogo kuliko la samaki wengi unaowala bila ya kulalamika.

Wanaosema ni mgumu wamepikiwa na mtu mwenye haraka. Pweza kwanza anapigwa. Hao wanawake unaowasikia wakimtwanga jiweni maji yakitoka wanamlainisha. Halafu anatiwa sufuriani bila ya maji, kwa sababu anatoa yake mwenyewe, tena mengi, anachemka humo taratibu mpaka anageuka rangi. Yakikaribia kukauka ndipo vinapofuata vitunguu, tungule, thomu, bizari, na tui mwisho. Ukimtilia maji mwanzoni umemharibu. Mama wa Jambiani hahitaji kufundishwa haya, nakwambia wewe ili ujue kwamba kinacholetwa mbele yako kimefanyiwa kazi nyingi.

Kwa hivyo usingojee Jumamosi. Ukipanda mjini jioni pita Forodhani au Darajani, uliza supu ya pweza. Vipande ni vidogo, unakamua ndimu, unatia pilipili. Kunywa supu kwanza. Kipande tafuna huku unazungumza na mtu, usikae ukakichungulia. (Utakuta wanaume wamejipanga hapo, wana imani zao juu ya hiyo supu. Hazikuhusu.)

Kukataa sasa. Usiseme "sipendi", usikunje uso, usiulize "hii ni nini?" kwa sauti ile ya hofu. Onja hata kidogo, kisha sema "nimeshiba mama, nashukuru, Mungu akubariki". Mtu aliyeonja hajakataa. Na sahani za watu usizirejeshe tupu.

Kijana wa Makunduchi
Mimi nasoma Korea Kusini, na pweza nimekula tangu sijaota meno yote; bibi yangu alikuwa mchokoaji. Basi wenzangu wa chuo wakanipeleka soko la samaki la Jagalchi, pale Busan. Wana chakula kinaitwa sannakji. Pweza mdogo anakatwakatwa pale pale, anatiwa mafuta ya ufuta, unaletewa vipande bado vinajinyonganyonga sahanini. Wanakuhimiza utafune sana kabla ya kumeza, kwani vile vidude vinaweza kukunata kooni, na wako watu waliopaliwa wakafa. Mjukuu wa mchokoa pweza nilisogeza kiti nyuma.

Kwa hiyo dada usione haya. Nilichokifanya mimi ni kujiwekea mpaka. Nguruwe na pombe nilisema mapema, hilo wanalielewa na hawaulizi mara mbili. Vilivyobaki, kila mwaliko naonja kimoja kigeni, basi. Wenyeji wanafurahi umeonja, hawahesabu umeacha vingapi.

Ngalawa
Wanajinyonganyonga??? Mola atunusuru.

Mpemba wa Mkoani
Swali lake la mwisho mmelipita nyote, na mimi ndilo nililolishika.

Dada, kasa, yule kobe wa baharini. Nyama ya kasa usile, akupe nani. Machi 2024 Kisiwa Panza, hapa kwetu, walifariki watoto 8 na mtu mzima 1 baada ya kula kasa, na watu 78 wakalazwa. Novemba 2021 vilevile Pemba walikufa watu 7 kwa sababu hiyohiyo. Inadhaniwa sumu inatokana na mwani wenye sumu anaokula yeye huko baharini. Haina harufu, haina ladha ya kukuonya, na kuchemsha hakuitoi. Ndiyo maana kila mara hukosi mtu wa kusema "mbona sisi tulikula zamani hatukufa". Kasa wa leo si kasa wa juzi, na watoto ndio wanaotangulia. Isitoshe sheria inamlinda, kumvua kwenyewe ni kosa.

Na angalia: kasa ukiletewa kwenye mchuzi ni nyama tu. Hungeshtuka hata kidogo. Pweza unayemkimbia hana neno.

Mwengine ni bunju, yule samaki anayejijaza akawa mviringo. Sumu yake haivunjwi na moto. Wavuvi wanamjua na wanamtupa, ila ukiokota samaki ufukweni au ukinunua kwa mtoto asiyejua, uliza kwanza.

Ngalawa
Na popo, sheikh? Si nasikia Pemba...

Mpemba wa Mkoani
Zamani aliwindwa kwa nyama mpaka akakaribia kwisha. Siku hizi nenda Kidike, hapa Pemba anapohifadhiwa, umtazame juu ya mti kisha urudi kwako. Tuendelee na mada.

Nesi wa Zamu
Nyongeza ndogo. Mtu aliyekulia mbali na bahari hajui kama mwili wake unawakubali kamba, kaa, chaza, ngisi na pweza. Wako watu wanaodhurika navyo hata vikiwa vibichi kutoka majini leo asubuhi. Mara ya kwanza onja kidogo, tena mchana, watu wakiwepo. Midomo ikivimba, vipele vikitoka, au pumzi ikibana, hospitali hapo hapo. Usikae kupewa maziwa kwanza. Wala usionje vitatu vipya kwa siku moja, maana likitokea jambo hutojua mkosaji ni yupi.

Shamba Boy
Mnazungumza vyakula vya kutisha na doriani hamjalitaja?

Kijana wa Makunduchi
Singapore huruhusiwi kuingia nalo kwenye treni, na hoteli nyingi za kule zinalikataza.

Shamba Boy
Sisi tunalipakia kwenye daladala na hashuki mtu.

Binti Mkunazini
Hashuki kwa sababu nauli ameshalipa. Mie doriani silitaki ndani ya nyumba yangu, na nimezaliwa hapa hapa. Dada, umeona? Si lazima upende kila kitu ndiyo uwe mwenyeji.

Mgeni wa Jambiani
Nashukuru nyote, na Mpemba zaidi. Hilo la kasa sikulijua kabisa, na hapa hotelini wageni huulizia kuonja vitu vya ajabu ajabu, nitawaambia.

Jana nimepita Darajani. Supu nimeimaliza, nyama nimebakisha. Ladha sina ugomvi nayo, ni ule mnato wa ngozi kwenye meno. Lakini nimetafuna.

Swali jingine: sahani nirejeshe na nini? Kutoka nyumbani wamenitumia kumbikumbi waliokaushwa, safi sana.

Binti Mkunazini
Dada, hapana! Nzige wana ruhusa, kumbikumbi wengi wetu hatuwali. Utamweka mama kwenye tabu ileile uliyonayo wewe, tena na dini juu yake. Hao kula mwenyewe chumbani kwako. Huna majani ya chai ya kwenu? Tia pakiti moja kwenye sahani, au sukuma chapati. Atawatangazia mtaa mzima.

Ngalawa
Mimi nikionja kumbikumbi mmoja tu kwa siri mtanisema?

Mpemba wa Mkoani
Ndiyo.

Mgeni wa Jambiani
Chapati naziweza. Jumamosi nifike saa ngapi? Ameniambia chakula ni baada ya adhuhuri.

Binti Mkunazini
Fika saa nne, usingoje kuitwa mkekani. Keti naye jikoni, umsaidie nazi, na pweza omba umkate wewe. Kisu kikiwa mkononi mwako, ukubwa wa vipande unauamua wewe. Kwenye mbuzi ya kukunia kaa upande, ukikaribia kifuu punguza nguvu. Hapo ndipo wageni wanapokatika vidole.